Alama ya Sajini Makori

Mama Salma alizikwa mjini Kisii siku ya Jumatano, kabla ya mvua ya jioni. Wanaume walimpeleka makaburini, sisi wanawake tukabaki kwenye mikeka katika chumba cha nyuma ya duka, chumba kilekile nilicholala mwaka mzima nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Nyamira kwa basi la asubuhi, magoti yananiuma, na nilidhani kazi yangu siku hiyo ingekuwa kulia tu. Lakini Salma mwenyewe, ambaye sasa ni nyanya kama mimi, alinisogezea sahani ya pilau, akaniinamia sikioni akaniuliza kama bado namkumbuka mzee wa alama. Nilicheka. Kwenye msiba wa mama yake, mbele ya wageni wenye ushungi na tasbihi, nilicheka hadi nikalazimika kujifunika uso kwa leso ili wadhani ninalia. Nililia pia, baadaye kidogo. Njiani kurudi nyumbani niliamua kuuandika mwaka ule, kwa sababu kati ya sisi tuliokaa katika nyumba ile tumebaki wawili, na mmoja wetu ameanza kusahau.

Sitaanza na baba na mama. Walilima chai kule Gesima, walinisomesha mpaka kidato cha nne, na kwa sura hii hayo yanatosha. Nilifika mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa sababu Mama Salma alihitaji mtu wa kumwandikia barua. Mbele ya duka aliuza vitambaa na sukari, lakini biashara iliyomnenepesha ilikuwa vinyago vya mawe laini kutoka Tabaka: viboko, bakuli, vinara vya mishumaa, watu wawili wanaokumbatiana. Wachongaji walivileta vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, nasi tukavipanga kwenye masanduku ya mbao kupelekwa Nairobi na Mombasa, na kila sanduku lilihitaji barua yake. Taipureta ilikuwa ya marehemu mumewe, mfanyabiashara aliyetoka Pwani akaamua kwamba baridi ya Kisii inamfaa. Vumbi jeupe la mawe yale lilikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye kope, ndani ya chai, kwa hiyo nilizoea kujifunga leso kichwani mpaka masikioni kama wanawake wa nyumba ile. Leso hiyo ilichangia makosa nitakayoyasimulia.

Jambo la kwanza nililofundishwa pale ni kunywa chai. Mimi ni Msabato niliyezaliwa katikati ya majani chai. Niliyachuma tangu nikiwa na miaka sita, nikayabeba mgongoni hadi kituoni, na sikuwahi kuonja hata kikombe, maana kanisani kwetu chai ilihesabiwa pamoja na sigara. Mama Salma aliposikia hayo aliweka birika chini, akaketi. "Kwa hiyo mnawalimia watu kitu ambacho nyinyi wenyewe mnakiogopa?" aliniuliza. Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi na maziwa mengi, na sijarudi nyuma tangu siku ile, Mungu anisamehe. Hakunilazimisha jambo lingine lolote. Ijumaa mchana alifunga duka akaenda kuswali, Jumamosi mimi nilikwenda kanisani, na Jumapili mji wote ulilala. "Ijumaa yangu, Jumamosi yako, Jumapili ya serikali," alizoea kusema. "Tutatajirika lini sisi?" Alininunulia wimbi wa uji wangu sokoni kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi za baridi alinichemshia maji ya kuoga kabla hajawachemshia wanawe. Nimekaa kwa watu wengi tangu wakati ule, wengine wa damu yangu, na sijatunzwa tena hivyo.

Miezi michache baada ya kufika kwangu alibandika mlangoni kibao cha kadibodi kilichosema kwamba barua zinapigwa hapa. Walikuja watu wa mashamba, watu wa kesi, vijana wa kutafuta kazi. Kisha, asubuhi moja ya mvua nyepesi, akaingia mzee mrefu aliyevaa koti la kijeshi lililopauka, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Alikuwa amekumbatia karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni wa mbolea. Aliniangalia mimi na leso yangu, akaangalia taipureta, akaongea Kiswahili cha kambini.

"Mimi iko na shauri ya Nairobi," alisema. "Hii mashine yako naweza piga barua ya serikali?"

"Inaweza, mzee. Karibu kiti."

Alikaa, akaanza kufungua mfuko. "Nairobi nauliza kitu moja. Hapa kwetu hakuna mtu ya kuandika hiyo kitu. Wewe mtu ya Pwani, eh? Hiyo ni mzuri. Mimi nasema pole pole, wewe naandika."

Nilikuwa msichana mwenye adabu na nilitaka aione. Nilijua kutoka kwa lafudhi yake kwamba ni mtu wa kwetu, na niliona huruma mzee kama yule ajikokote katika lugha ya watu. Nikaweka mikono yangu pamoja, nikainama kidogo, nikamwamkia kwa Ekegusii. "Bwakire, tata," nilimwambia, yaani umeamkaje, baba, nikaongeza kwamba mimi si wa Pwani, ni mtoto wa hapahapa, wa Gesima. Mkono wake ulisimama juu ya mfuko. Aliitikia salamu vizuri sana, akauliza hali ya chai ya kwetu, akaufunga ule mfuko tena. Mimi nilijiona nimefanya jambo zuri.

Hata hivyo alinipa karatasi, siku hiyo na siku zilizofuata, maana alikuja kila siku ya soko kwa majuma matatu. Alitembea kutoka Nyaramba mpaka barabara kubwa, akapanda gari, akafika koti likiwa limelowa. Shauri lake nikalielewa hatua kwa hatua. Alitumikia jeshi la Mwingereza miaka ishirini na miwili, akapigana Burma, akarudi, akaendelea kutumika mpaka karibu na uhuru, akastaafu akiwa sajini. Kitabu chake cha kustaafu kiliungua nyumba yake ilipoungua. Alipoomba pensheni, ofisi ya Nairobi ikajibu kwamba katika kikosi chake walikuwapo Makori wawili, wote wa Kisii, wote wenye jina moja la ubatizo. Si ajabu; kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu mmoja huacha majina kwenye nyumba tano. Makori mmoja alitumikia miaka ishirini na miwili. Makori wa pili alitumikia miaka minne, akatoroka na viatu vya serikali. Ofisi ilitaka kujua aliyeandika ni yupi, na njia pekee iliyobaki ilikuwa alama ya mwilini, ambayo daktari wa jeshi aliiandika siku sajini alipostaafu. Waliuliza swali hilo kwa adabu mara tatu. Mara ya nne walisema kwamba asipojibu sawasawa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, faili litafungwa na hawatalifungua tena.

Majibu ya nyuma yalikuwa mle ndani ya mfuko, nakala zake zimekunjwa kwa unadhifu wa askari. Barua ya kwanza iliandikwa na mtoto wa kaka yake, na kwenye alama ilisema hakuna. Ya pili iliandikwa na mkwe wake, Mwalimu Josia, aliyemwoa binti yake wa kwanza na aliyejulikana Nyaramba nzima kwa Kiingereza chake. Mwalimu alipoona mzee hasemi kitu, akamwangalia, akaona kovu la panga kwenye mkono, kovu la juzi tu la kupogoa chai, akaliandika hilo. Barua ya tatu, ya karani wa kanisa, iliacha nafasi tupu. Nami nilipofika mahali hapo, mzee akageuza uso akatazama barabarani.

"Hapo paache," aliniambia.

"Lakini tata, hicho ndicho wanachouliza. Mengine yote wanayajua."

"Waliiandika wao wenyewe. Wasome walichoandika."

Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali. Kila kitu kingine alinieleza bila kukwama: mito waliyovuka, majina ya maofisa, ladha ya biskuti zilizokuwa ngumu hata wakazivunja kwa kitako cha bunduki. Kwenye alama alikuwa bubu. Siku ya soko ya pili, alipokuwa ametoka kununua dawa ya ng'ombe, wanawake wawili wa Nyaramba waliokuwa wakichagua kitambaa walimsema bila kujua nawasikia. Mmoja alisema huyo hakupigana na mtu, alikuwa anaosha sufuria za wazungu. Mwenzake akasema heri angekuwa ameosha sufuria, kwa maana Nairobi wenyewe wamesema alitoroka, na mkewe siku hizi hakai mbele kanisani. Nililitafuna jambo hilo mchana kutwa. Nina tabia, ninayo mpaka leo, ya kumhukumu mtu haraka kisha kuona aibu taratibu. Jioni, tukila viazi vya nazi, nilimwambia Mama Salma kwamba mzee wangu bila shaka ndiye yule Makori aliyetoroka, na kwamba sitampigia uongo wake kwenye taipureta ya watu.

Mama Salma aliendelea kumtolea Salma mifupa kwenye samaki. Mama mzazi wa Mama Salma alikuwa Mgusii aliyeolewa mjini, na alijua mambo yetu kuliko alivyopenda kuonyesha. "Siku ya kwanza alipoingia," aliniuliza, "alitaka kukuambia?"

"Alisema atasema pole pole niandike."

"Halafu wewe ukamwita nani?"

"Tata. Ningemwita nani? Ni mzee."

"Basi," alisema, akanawa mkono. "Wewe unamfanya mtu baba yako, halafu unamwambia akuonyeshe mwili wake. Na wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Wasomaji wa mbali wanisamehe, lazima nieleze. Kwetu kuna haya ya lazima kati ya mzazi na mtoto, tunaiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Binti hatajiwi na baba yake jambo lolote la mwili, wala hatamki mbele yake. Mkwe ndiye mbaya zaidi. Huyo hata njia hukupisha. Na baba si yule aliyekuzaa peke yake, ni kila mwanamume wa rika lake unayemwita hivyo. Mtoto wa kaka, mkwe, karani wa kanisa: watu wote waliojua kusoma pale Nyaramba walikuwa watoto wake. Alikuwa amesafiri mpaka mjini kumtafuta mtu asiye mtoto wake, akampata, amejifunga leso, tena mbele ya mashine. Mimi kwa adabu zangu nikajifanya binti yake kwa neno moja. Kama ningekaa kimya na Kiswahili changu, angemaliza shauri lake asubuhi ileile. Usiku ule sikumaliza viazi vyangu.

Ilibaki soko moja kabla ya mwisho wa mwezi. Nilisema aende kwa karani mwingine, mgeni kweli, lakini Mama Salma alisema mzee aliyeshtuka mara moja hatafungua mfuko tena kwa mgeni, na kwamba watu hawa wa milimani wote ni ndugu, kwa hiyo niende nikatafute undugu unaofaa. "Mjukuu anaambiwa kila kitu," alisema. "Bibi yangu alikuwa ananiambia mambo mpaka nakimbia."

Jumapili nilikwenda Gesima, moja kwa moja hadi jikoni kwa nyanya yangu mzaa mama. Jiko lake lilikuwa na giza tamu la moshi, ndizi zikiiva chini ya kitanda, kuku wakipita juu ya miguu. Alinisongea ugali wa wimbi, akaniwekea mboga chungu za chinsaga na maziwa, akakataa kusikia habari yoyote mpaka nimalize. Kisha nikamtajia jina la mzee, kijiji chake na mlango wa ukoo wake. Akaacha kuchokoa moto.

"Makori wa kwa Nyaboke? Aliyekwenda vita?"

"Ndiye."

"Huyo ni ndugu yetu. Baba zetu ni watoto wa nyumba moja. Mimi nilimbeba mgongoni." Akaniangalia kwa macho yaliyoanza kufanya ukungu. "Wewe unamwita nani?"

Nilimwambia. Nyanya alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema nimemzeesha vibaya na kumnyima haki yake, kwa maana yule si tata yangu, ni sokoro, babu yangu kabisa, na babu kwetu humtania mjukuu wa kike kwamba ndiye mke wake mdogo. "Mwambie mimi dada yake, Moraa wa Gesima, nauliza kwa nini sijamwona," alisema. Akanifungia kuku wa kumpelekea. Nilirudi mjini na kuku yule mapajani, nikimwomba Mungu mvua isikate barabara siku ya soko.

Haikukata. Alipoingia nilisimama, sikuinama. Nilimtazama usoni, jambo ambalo binti hafanyi, nikamwambia, "Sokoro, mkeo nimekaa hapa majuma matatu unanipita kama hunijui. Moraa wa Gesima anakusalimu na kuku huyu hapa." Alibaki amesimama, maji yakimdondoka kwenye koti. Aliniuliza mama yangu ni nani, na mama wa mama yangu, na mlango, mambo yote aliyapima. Kisha uso ule wa gwaride ukalegea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hana meno mawili ya mbele. Alisema yeye hakukubali kuoa mwanamke mwenye unga wa mawe kichwani. Mama Salma, aliyekuwa akipima kitambaa mita moja kutoka pale, alimwita mteja wake nje kumwonyesha rangi kwenye mwanga wa jua, ingawa jua halikuwapo.

Akaniambia. Kovu lilikuwa kwenye tako la kushoto, refu kama kidole cha kati, limekunjamana. Nilikuwa tayari kucheka, maana mjukuu ana ruhusa, lakini yeye hakuwa anacheka tena.

"Sasa umeelewa," alisema. "Hata kama si watoto. Mtu akisikia ni huko, atasema nini? Atasema niligeuza mgongo."

"Uligeuza?"

"Nilikuwa nimelala juu ya tumbo, kwenye matope, bunduki mbele. Kombora la adui lilipita juu yetu likaangukia nyuma. Wa kulia kwangu alikuwa Mkamba, anaitwa Mutua. Yeye hakuamka. Daktari Mwingereza alipoandika, alicheka. Nilimwona. Tangu siku hiyo nikasema sitaki kumwona mwingine akicheka."

Kwa hiyo haikuwa chinsoni peke yake. Chini yake kulikuwa na hilo pia. Niliona aibu kubwa sana kwa yale niliyoyasema tukila viazi vya nazi, na nilimwambia hivyo, kwamba mimi nami nilimdhania mtoro. Alisema anajua, iliandikwa usoni mwangu siku ya soko ya pili. Alisema alikuja ya tatu kwa sababu chai ya nyumba ile ni nzuri.

Tuliandika asubuhi nzima. Sijafanya kazi tena kwa bidii kama ile, hata nilipolipwa vizuri zaidi. Nilieleza kovu lilipo na ukubwa wake, kisha nikaeleza mstari kwa mstari namna alivyolala, kombora lilikotoka na lilikoangukia, ili karani yeyote wa Nairobi asipate nafasi ya kutabasamu. Nilieleza pia, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwa nini baba wa kwetu hawezi kuwatajia watoto wake jambo hilo, na kwamba barua tatu za mwanzo ziliandikwa na watoto. Kipande hicho kilinichosha kuliko vyote. Mchana tulikwenda hospitali tupate cheti. Sokoro alivua suruali mbele ya daktari bila wasiwasi wowote, maana daktari alitoka nchi ya mbali na hakuwa mtoto wa mtu tunayemjua. Tuliwahi posta kabla haijafungwa.

Jibu lilichukua miezi mitano, na miezi hiyo Sokoro hakukosa siku ya soko hata moja. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akanywa chai, akawafundisha Salma na ndugu zake kupiga saluti, akanitania mbele ya wateja kwamba nimemchelewesha kulipa mahari. Barua ilipofika ilikuwa kurasa mbili. Walikubali. Walisema alama imelingana na kitabu chao, wakamwita sajini, wakasema pensheni yake itaanza tangu tarehe ya ombi lililokamilika. Miaka ya nyuma, ile iliyopotea kwa sababu ya barua za watoto, hawakumpa, na hilo linaniudhi mpaka leo ninapoandika. Nilitaka tuandike tena. Yeye alikuwa ameshika karatasi kichwa chini miguu juu, akiitazama tu. Aliniomba jambo moja: nikaisome nyumbani kwake, mbele ya watu, ili mkewe arudi kukaa mahali pake kanisani.

Nilikwenda Nyaramba siku ya Jumapili, nikiwa na Mama Salma aliyefuatana nami kwa furaha. Uani palijaa. Chifu alipewa kiti cha mbele. Wana na mabinti walikaa upande mmoja, na Mwalimu Josia alikaa mbali kabisa chini ya mti wa mwangati, kama mkwe anavyopaswa, akiwa na miwani mfukoni. Wale wanawake wawili wa kitambaa walikuwapo pia. Sokoro alikataa kukaa. Alisimama wima, koti limefungwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, mimi nikaisoma kwa Ekegusii kwa sauti kubwa, sentensi baada ya sentensi, na niliposema sajini, miaka ishirini na miwili, nilisikia mkewe akivuta pumzi. Nikageuza ukurasa wa pili. Pale juu, kwa herufi nyeusi zisizo na huruma, ofisi ilikuwa imelieleza tako la kushoto kwa urefu na upana. Watoto wake tisa wananitazama. Macho yangu yalishuka mstari mmoja bila mimi kuyaambia, nikasoma kwamba serikali imetambua jeraha alilopata mbele ya adui, nikaendelea mpaka sahihi.

Watu walipiga makofi, lakini Mwalimu Josia alikuwa ameinuka. Alikuwa amevaa miwani. Alinijia na mkono umenyooshwa, akasema kwa upole wa mwalimu, "Lete nikione hicho Kiingereza chao, binti. Huenda kuna kitu kimekupita." Sikujua la kufanya. Yeye ni mwalimu, mimi msichana wa duka. Mke wa Sokoro, ambaye kwangu alikuwa nyanya na bila shaka alilijua kovu lile kuliko daktari yeyote, alipita katikati yetu kana kwamba anafuata kuku, akaichukua barua mkononi mwangu, akaitia kifuani ndani ya nguo. Mwalimu alirudi nyuma hatua tatu, macho chini. Hakuna mkwe Nyaramba nzima ambaye angeidai barua kutoka pale.

Chifu hakuona kitu. Alisimama akashukuru, akasema mahakama ya Kisii inatafuta mkalimani, mtu asiyeongeza wala kupunguza, na kwamba yeye mwenyewe atanipeleka, kwa maana amesikia kwa masikio yake msichana akisoma barua ya serikali neno kwa neno. Akamgeukia mwenye boma amuunge mkono. Sokoro alipiga mguu, mikono ubavuni. "Neno kwa neno," alisema. "Mimi ni shahidi." Mkewe aliingia jikoni haraka, na Mama Salma akamfuata, nikawasikia wakicheka huko ndani. Kazi ile niliipata mwaka huohuo, nikaifanya miaka thelathini, kila kesi nikiapa kwamba sitaruka kitu, na sikuruka. Ilinijengea nyumba, ikasomesha watoto wangu wanne. Miaka yote kabla ya barua ile watu walimwita Makori mwongo. Mimi nilimsikia akisema uongo mara moja tu, na ndio ulionilisha.